Siku Nilipobeba Figo la Mama Lotsove

Jamani, jambo hili nilikuwa nimeapa nitazikwa nalo, lakini kwa kuwa Mama Jeanne amekwisha kulitangaza soko zima (na kila akilisimulia ananivua nguo nyingine kidogo, mwishowe nitasikia nilikuwa kama siku niliyozaliwa), afadhali mlisikie kinywani mwangu mwenyewe, mjue aibu yangu ilikuwa ya ukubwa gani hasa, maana ilikuwa kubwa ya kutosha bila kusaidiwa na mtu.

Mnanijua, mimi ni Mama Kavira, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi ambao harufu yao hufika nyumbani kabla yangu. Wasichojua wengi ni kwamba nina figo moja. La pili lilitolewa kabla vita haijafika hapa Bunia, lilikuwa na uvimbe, kansa, neno ambalo huku kwetu mtu akilitamka anashusha sauti, utadhani ugonjwa una masikio. Nilipasuliwa ubavuni, nikashonwa, nikarudi sokoni na samaki wangu. Basi daktari wa hospitali, kila akipata mtu mwenye shida kama yangu, akawa ananiita nikakae naye kabla ya kisu na baada ya kisu, kwa sababu, alisema, mimi nimefika huko na nimerudi, na yeye hajafika.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilikaa kando ya kitanda nikisema yale ambayo madaktari hawayasemi kwa kuwa hawajawahi kulala upande ule wa kisu: kwamba ukikohoa ukumbatie mto ubavuni, la sivyo utaona cha mtema kuni, kwamba siku tumbo litakapotoa upepo, wauguzi watakushangilia kuliko siku ya harusi yako, usione haya, kwamba kwenda mlangoni na kurudi kitandani kutakuchosha kama safari ya miguu mpaka kijiji cha Fataki, kwamba utauogopa mkojo wako mwenyewe na kuuchungulia kila asubuhi, kwamba kuna jioni utalia bila sababu, na hiyo nayo itapita. Mtu akibaki hajaamini, nilikuwa nalegeza kitenge na kupandisha blauzi upande mmoja nikimwonyesha kovu. Kovu ndilo lilikuwa hoja yangu kubwa. Ukiona kovu refu limekauka kwenye ubavu wa mama mnene anayekutania, unaanza kufikiri kwamba labda nawe utanenepa siku moja.

Sasa, Mama Lotsove. Huyu alikuwa mkulima wa huko Fataki, vita ilimtoa, akafikia mtaa wa Ngezi hapa mjini, kwa binti wa dada yake. Alikuwa anakojoa damu, akidhani ni uchovu wa kukimbia, mpaka daktari alipompima kwa mashine akaona uvimbe kwenye figo la kushoto. Daktari akasema litoke upesi, Mama Lotsove akasema halitoki. Nikaitwa. Nilimwendea tena na tena pale Ngezi, nikampa hotuba yangu yote, ya mto na ya upepo na ya mkojo, nikamwonyesha kovu, akaligusa kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza.

"Na ile yako, balipeleka wapi?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza figo langu lilienda wapi. Labda lilitupwa, labda lilichomwa, sijui, nilikuwa nimelala. Nikamwambia sijui, na hapo nikaona mlango umefungwa usoni mwake.

Lazima mkumbuke wakati ule ulivyokuwa. Watu walikuwa wanasema (nani aliona, sijui, lakini wote walisema) kwamba viungo vya binadamu vinatumika kutengeneza dawa ya vita, ili risasi igeuke maji. Mama Lotsove hakuogopa kisu, aliogopa kipande cha mwili wake kuishia kuwa hirizi shingoni mwa kijana mwenye bunduki, pengine yule yule aliyechoma nyumba yake. Na daktari alipokuja kueleza vizuri akaharibu zaidi, kwa sababu alisema figo halitatupwa, litapelekwa Kampala kwa ndege, kule kuna mashine za kuliangalia, ndizo zitakazotuambia uvimbe ni wa aina gani na kama umetoka wote, na bila jibu hilo yeye atakuwa anamtibu gizani. Kwa mtu anayeogopa mikono ya watu, Kampala ni mikono mingi sana. Mama Lotsove alifikiri siku nzima, kisha akaniita.

"Kama ni weye utaibeba na mikono yako mpaka ku ndege, nitakubali. Usiipatie mutu."

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayeulizwa kama ataongezewa chai.

Operesheni ilienda vizuri. Kama ilivyo desturi huku kwetu, daktari alitoka na beseni kutuonyesha alichotoa, ili ukoo usije ukasema baadaye kwamba waliibiwa. Binti wa dada yake alitazama mara moja akageukia ukuta, mimi nikatazama vizuri, maana langu sikuliona. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na uvimbe umelikalia juu. Wakalitia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, wakamimina formoli, ile dawa ya maji inayozuia kitu kuoza na inayochoma macho, wakakaza kifuniko na kubandika karatasi ya maelezo kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wa Kampala.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ndege ndogo ya kwenda huko, na rubani alikuwa amekubali. Daktari akaniambia nipande gari la hospitali pamoja na dereva, chupa nikiishika mapajani, wazi, na barièreni waonyeshwe karatasi. Hapo ndipo akili yangu iliponishauri. Magari ndiyo yaliyokuwa yanaporwa siku zile, nikaona gari litasimamishwa tu, lakini mama mzee anayekwenda kwa miguu na kikapu cha chakula, nani atamwangalia? Sisi tunaolala na wagonjwa tunapita na vikapu kutwa. Nikavua kitambaa changu cha kichwa nikaiviringisha chupa ili isigongane na sufuria, nikailaza chini kabisa ya kikapu, juu yake nikaweka bugali kwenye majani, na juu kabisa sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Daktari akasema tena kwamba ni vizuri nibebe wazi. Nikamjibu, na maneno hayo sitayasahau: "Munganga, weye unajua figo, miye najua barière."

Barière, kwa asiyekuwepo wakati ule, ilikuwa kamba tu iliyovushwa barabara, na vijana wenye bunduki wamekaa kando yake. Kila mama aliyepita alikuwa anaacha kitu, ndiyo ilikuwa salamu. Mpango wangu ulikuwa kwamba watachukua sombe, watanishukuru, nitapita. Ulikuwa mpango mzuri, kasoro yake ni kwamba vijana wale walikuwa na njaa. Walichukua sombe na sufuria yake, wakachukua bugali lote, halafu mmoja akanusa (mnajua ninavyonuka), akaamua kwamba chini lazima kuna makayabo, akazamisha mkono mpaka kwenye bega. Akatoka na kitambaa changu. Akakifungua.

"Mama, hii ni nini?"

Ningeweza kusema ni dawa ya tumbo. Ningeweza kusema nimetumwa, sijui. Nikasema, "Ni figo."

"Ya mbuzi?"

"Hapana. Ya rafiki yangu."

Aliiweka chupa chini taratibu, kama mtu anayetua yai. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari wakarudi nyuma wote kwa pamoja, na kati yao alikuwa Mama Jeanne, ambaye tunaimba naye bega kwa bega kwenye kwaya kila Jumapili, na ambaye saa ile alikuwa anayachunguza mawingu kwa makini sana.

Wakamwita komanda wao. Alikuja kijana mwenye miwani myeusi, umri wake kama wa kitinda mimba wangu, akaanza kuniuliza, nami nikaanza kujibu kweli tupu, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu kila ukweli niliosema ulizidi kunizamisha. Rafiki yako iko wapi? Iko hospitali. Alikufa? Hapana, iko muzima. Akatazama chupa, akanitazama mimi. Figo yake iko hapa, na yeye iko muzima kule? Ndiyo, komanda, na jana jioni aliomba uji. Akasema hakuna mtu anayeishi bila figo, kwa hiyo ama nimemuua mtu ama namdanganya yeye, na kwamba hii ni dawa ya vita ninayowapelekea adui zao ili wao wafe. Akaigeuza chupa yenye ile karatasi ya Kiingereza huku na huku akasema ona, hata maandishi si ya kwetu. Kisha akalegeza kifuniko ili anuse, formoli ikampiga machoni, akakikaza upesi na kuirudisha chupa chini, akatoka machozi chini ya miwani, na vijana wake walipoona komanda analia wakajua bila shaka kwamba dawa ni kali.

Mmoja akaitoa bunduki begani. Mwingine akasema chupa imwagwe mtaroni. Nami nawaambieni kweli, niliogopa bunduki, lakini ule mtaro niliuogopa zaidi. Nilimwona Mama Lotsove kitandani na mpira wake wa mkojo, ananiuliza nimefika nayo wapi. Akili ikaruka. Nikasema mtu anaishi na figo moja, mimi mwenyewe ninaishi na moja, na komanda akasema uongo.

Basi nikafanya kile ninachokifanya siku zote mtu asiponiamini. Nikashika fundo la kitenge, nikalifungua, nikaanza kupandisha blauzi, nikasema, "Angalieni basi." Na kumbukeni kitambaa changu kilikuwa mkononi mwa kijana, mvi zangu zote ziko juani.

Ninyi ni watu wa huku, mmekwisha kuelewa. Lakini kwa mgeni nitasema: kila mtoto wa huku kwetu analelewa akijua kwamba mama mzima mwenye mvi akifungua nguo kwa hasira mbele ya vijana, amewalaani, na laana hiyo haina dawa, hata ile ya kugeuza risasi maji haiiwezi. Mimi mwenyewe najua hivyo tangu utoto, bibi yangu alimtisha hivyo mjomba wangu akaacha pombe mwaka mzima. Lakini haki ya Mungu, siku ile halikunipitia kichwani hata kidogo, nilikuwa nawaza kovu tu.

Yule mwenye kitambaa alikitupa hewani. Wawili waliingia shamba la mihogo na bunduki zao, nikasikia mihogo inavunjika. Komanda alinigeukia mgongo, akajifunika uso kwa kofia yake na kuanguka magotini, na wengine wakalala kifudifudi. Mimi, kwa kuona watu wenye bunduki wanakimbia na kulala, nikajua moja kwa moja kwamba adui ametokea nyuma yangu na risasi zinakuja, kwa hiyo nami nikalala, hivyo hivyo, blauzi imepanda, kitenge kimefunguka, nikaikumbatia chupa kifuani na kuanza Baba Yetu.

Risasi hazikuja. Waliokuja ni watu. Mstari wote uliokuwa unangoja, ulipoona kamba haina mwenyewe, ulipita: baiskeli, mbuzi, magunia ya makaa, mzee mmoja amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, wote wakinikwepa kwa adabu pale chini na kuniambia, "Aksanti, mama, aksanti," nami nikiwajibu karibuni, karibuni, bila kujua nimewapa nini.

Mstari ukaisha kupita. Nikainua kichwa. Komanda alikuwa bado amegeuka, anazungumza na barabara.

"Mama, funga nguo. Tulikukosea. Utukatie ile laana, tunakuomba."

Nikamwambia hakuna laana, nilitaka kuwaonyesha kovu. Akasema hawataki kuona kitu chochote. Nikamwambia ni figo tu, la mgonjwa, linaenda Kampala. Akasema tunaamini, mama, tunaamini yote, tubariki tu. Yaani dakika moja nyuma nilisema kweli nikaitwa mwongo, sasa nasema kweli tena na naombwa msamaha, na sikujua lipi ni baya zaidi. Na upande ule wa kiwanja cha ndege nikaanza kusikia ndege inawasha injini.

Nikamtafuta Mama Jeanne. Alikuwa amebaki peke yake kando ya njia, na sasa alikuwa amekumbuka kwamba tunafahamiana. Nikamwuliza nitaikataje laana ambayo sikuiweka, tena mimi mtu wa kwaya, kubariki si kazi ya mchungaji? Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bariki tu, mama, ndege itaenda."

Wakaleta maji katika bidoni, dumu lililokuwa la petroli, maana baraka ya mama inataka maji kinywani, uyapulize juu ya kichwa. (Daktari aliniambia mtu wa figo moja anywe maji mengi, lakini sidhani alikuwa na maji yale akilini.) Nikapuliza. Nikaweka mkono juu ya kichwa cha komanda, na kwa kuwa sikuwa na maneno ya kazi hiyo nikasema yaliyokuja, Mungu akulinde, urudi kwa mama yako. Nikaenda kwa wa pili, urudi kwa mama yako, na wa tatu. Wale wa mihogoni wakatoka na majani kichwani. Yule aliyetaka kumwaga chupa mtaroni alianza kulia, sijui ni maneno au ni formoli, na mimi nikaanza kulia pamoja naye, na yangu najua yalitoka wapi, nina wavulana. Nilikuwa nimewaogopa, sasa nawaonea huruma, na bado nilikuwa na hasira kwa ajili ya sombe yangu, yote kwa wakati mmoja. Wakati huo habari ilikuwa imefika kwenye kituo chao kingine, wakaja na wa huko ambao hata sikuwaona asubuhi, wakapiga foleni, na wengine nadhani walipita mara mbili.

Nikapaza sauti nikasema ndege inaniacha. Komanda, ambaye sasa alitaka kunipendeza kuliko mwanangu wa kuzaa, akasema hawezi kuacha mama atembee. Wakanipandisha kwenye pikapu yao, mbele, kichwa wazi, chupa mapajani, na nyuma wakajaa wale wote niliowabariki na bunduki zao, wakiimba. Tukaenda mbio.

Fikirini mlikuwa kiwanjani asubuhi ile. Mnaona pikapu imejaa wapiganaji wanaimba inakuja mbio kuelekea ndege, na dirishani kuna mama mwenye nywele nyeupe zilizosimama anapunga kitu cha kioo. Watu walilala wote, na mizigo wakailalia. Mimi nikawa napunga zaidi, nikidhani rubani hajaniona. Alikuwa ameniona vizuri sana. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikaruka, na niliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta, chupa bado iko juu mkononi.

Nikalia kweli sasa. Komanda akafikiri ni laana imerudi, akasema mama, tukupeleke wapi? Nikasema hospitali, na sikufikiri (wala msiniulize kwa nini sikufikiri, nilikuwa nimekwisha kuwaza vya kutosha tangu asubuhi). Tukaingia uani mwa hospitali kwa mwendo ule ule na wimbo ule ule. Wagonjwa ambao asubuhi hawakuweza kugeuka kitandani walipita madirishani. Niliona mtu aliyevunjika mguu akimpita muuguzi. Waliponiona nashuka katikati ya bunduki, wengine waliokuwa wamesita wakaendelea kukimbia, na hiyo ndiyo aibu ambayo mpaka leo inanipiga usiku na mchana: watu niliokuwa nawafariji walinikimbia mimi.

Daktari alitoka chini ya meza. Nikamweleza kwamba nimeua jibu la Mama Lotsove, ndege imeenda, figo litaoza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema formoli inangoja tu, hata mwezi, kitu hakiozi humo, ndege nyingine itakuja. Hakuna aliyeniambia hilo mapema. Au labda aliniambia, nilipokuwa napanga sombe.

Na ndivyo ilivyokuwa, lilipelekwa kwa ndege iliyofuata, nikiwa kwenye gari na dereva, chupa wazi mapajani, na barièreni vijana waliinua kamba wakiwa wamegeukia upande mwingine. Jibu lilipokuja lilisema uvimbe ulikuwa mbaya, lakini umetoka wote. Mama Lotsove siku hizi tunakwenda naye pamoja kwa wagonjwa, na hotuba ya upepo wa tumbo anaitoa vizuri kuliko mimi. Kanisani nilikalishwa mbele ya wazee nieleze kama nilitumia mambo ya mababu, na Mama Jeanne akatoa ushuhuda kwamba ulionekana ubavu tu, tena si wote (siku hiyo alikuwa bado anasema kweli). Nikasimamishwa kuimba mpaka Pasaka.

Lakini nirudi kwenye saa ile ya pikapu, kwa sababu bado sijawaambia nilivyoingia wodini. Vitanda vyote vilikuwa vitupu, mashuka yamevutwa mpaka madirishani, na katikati amelala Mama Lotsove peke yake, kwa kuwa kisu chake kilikuwa cha jana na hakuweza kwenda popote. Alikuwa ameushika mto ubavuni kwa mikono miwili. Alisikia bunduki na nyimbo, akaona wote wanakimbia, akabaki hapo anangoja. Nilipoona hivyo nilitaka nirudi nje.

"Ni weye, Mama Kavira?"

"Ni miye."

Akaiona chupa. Uso wake ukabadilika, akauliza kama Kampala wameikataa, kama ni mbaya kiasi hicho. Nikakaa kitandani pake nikamwambia haikufika, na kwa nini haikufika, yote, sombe, kovu, laana, petroli, pikapu, sikuacha kitu, nikingoja aniambie nisimguse tena. Nilipofika mahali pa mzee mwenye mlango kichwani alianza kucheka, akaukandamiza mto kama nilivyomfundisha, akaniomba ninyamaze, nitampasua. Kisha akacheka tena, kisha akaacha. Akanyoosha mikono nimpe chupa. Hakuwahi kuiangalia kabla. Aliigeuza pole pole kwenye mwanga wa dirisha.

"Ng'ombe niliachia jirani," akasema. "Nyumba niliachia shemeji. Mutoto wangu wa mwisho nilimupatia batu bamuvukishe mutoni. Tangu vita ianze, hakuna hata kimoya kilinirudilia." Akaiweka chupa kifuani. "Hii njo ya kwanza kurudi."

Nikakaa hapo naye, chupa kati yetu, mpaka wagonjwa walipoanza kurudi mmoja mmoja kupitia mlangoni.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: sitaficha tena kitu cha mtu chini ya sombe, na mbele ya bunduki nguo zangu zitabaki zimefungwa, kovu litawangoja wagonjwa. Lakini mtu akiniambia nimbebee chake kwa mikono yangu, nitabeba, na nikishindwa kukifikisha, nitakirudisha kwake.